Nani Aketi Kwenye Kiti cha Enzi? Mwongozo wa Kubuni Karata za Taroti

Kabla hujashika penseli, tafuta seti ya taroti ya mwaka 1909 iliyochorwa London na Pamela Colman Smith, uzitandaze karata zake zote 78 sakafuni, kisha uhesabu watu. Usisome maana. Angalia tu nani ameketi na nani amepiga magoti, nani amepanda farasi, nani anatoa na nani anapokea. Wafalme wanne wote ni wanaume weupe. Mtu anayetembea kwa magongo yumo, ila utamkuta kwenye Tano ya sarafu, karata ya ufukara, akijikokota kwenye theluji chini ya dirisha la vioo vya rangi. Magongo hayo huyaoni tena kwenye karata nyingine yoyote. Kwenye Sita ya sarafu, tajiri aliyeshika mizani anawadondoshea sarafu watu wawili waliopiga magoti.

Hiyo ndiyo seti ambayo wabunifu wengi wa leo huanzia, nami nakushauri uanzie hapohapo, maana inafundisha jambo ambalo wengi huliruka. Mtu akitaka seti yenye nafasi kwa kila msomaji, hukimbilia rangi ya ngozi. Huchukua picha zilezile, akazipaka kahawia, akawafunga watu vilemba, akaona kazi imekwisha. Lakini msomaji anayechomoa karata na kukuta sura inayofanana na yake huuliza swali la pili papo hapo: mimi hapa nafanya nini? Seti hupimwa kwa cheo na tendo la kila aliyemo. Rangi huja baadaye.

Mila ya karata hizi

Utaambiwa unaharibu mila, kwa hiyo ifahamu mila yenyewe. Taroti ilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na ilianza kama mchezo. Hadi leo Wafaransa wanaicheza mezani bila kuaguliana. Mambo ya ramli yalishika kasi baada ya 1781, pale Antoine Court de Gébelin alipoandika mjini Paris kwamba karata hizi ni mabaki ya hekima ya Misri ya kale. Wakati huo hakuna aliyeweza kusoma maandishi ya Wamisri wa kale. Msomi Champollion alikuja kuyafumbua mwaka 1822. Miaka michache tu baada ya de Gébelin, Mfaransa mwingine aliyejiita Etteilla akatoa kitabu cha kupiga ramli kwa taroti na seti ya karata iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Na kabla ya hapo karata zilikuwa zikibadilishwa kila mara. Katika maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, zipo karata 67 zilizobaki za seti iliyochorwa kwa ajili ya watawala wa Milan. Seti hiyo ina mfalme na malkia, na tena ina wapanda farasi wanaume kwa wanawake, na watumishi wanaume kwa wanawake. Hii ni kazi ya karne ya 15. Mjini Bologna, mwaka 1725, wakuu wa Kanisa waliingilia kati karata za Papa na Kaizari. Waliotawala kwenye karata wakaondolewa, mahali pao wakawekwa Wamori wanne. Kwingineko, katika karata zinazoitwa za Besançon, Papa na Papa wa kike waliwapisha Jupiter na Juno. Anayekuambia kwamba taroti haibadilishwi anaisemea historia isiyokuwapo.

Kuhusu makundi manne ya karata, huna haja ya kuhangaika kutafuta majina. Taroti ina vikombe, sarafu, fimbo na panga, alama zilezile za karata za Kireno, na Wareno ndio waliotuachia kopa, uru, pau na shupaza. Mchezaji yeyote wa karata wa pwani anayajua. Yatumie.

Daftari la watu

Sasa kazi yenyewe. Fungua daftari, au jedwali kwenye kompyuta, uandike karata zote 78 kwa mstari: 22 kubwa, kisha 56 ndogo, yaani kila kundi kati ya manne lina karata kumi, kuanzia ree, pamoja na watu wanne wa ikulu. Mbele ya kila karata jaza umri wa mtu utakayemchora, jinsia yake kama itaonekana, mwili wake, kazi yake, na safu ya mwisho ambayo ndiyo muhimu kuliko zote: je, anatenda au anatendewa? Anatoa au anapokea? Anashinda au ameshindwa? Usichore hata mstari mmoja kabla jedwali halijajaa.

Likishajaa, soma safu kwenda chini. Hapo utaona tabia ya mkono wako. Utakuta wazee wote wamekuwa Mtawa wa Upweke na taa yake. Utakuta mnene ni mmoja tu, na yuko mbele ya vikombe vyake tisa amekunja mikono kwa shibe, kama Smith alivyomweka. Utakuta watoto wote wanacheka na wanawake wote wanangoja kitu. Sheria ninayoipendekeza ni kali kidogo: watu wa aina yoyote wakionekana mara moja kwenye karata ya huzuni au kushindwa, lazima waonekane angalau mara mbili wakiwa na mamlaka, mapenzi au kazi ya mikono. Si lazima wawe mashujaa. Mtu anayekula, anayebembeleza mtoto au anayefunga mzigo anatosha.

Jihadhari pia na nafasi inayofanana mno na mtu. Wabunifu wengi wanapomfikiria mtumiaji wa kiti cha magurudumu humpeleka moja kwa moja kwenye karata ya Gari la Vita, kwa sababu ya magurudumu. Nia ni njema, lakini matokeo yake ni kwamba mtu huyo amegeuzwa kuwa kiti chake. Mweke kwenye Mbili ya Kopa, akiwa mmoja wa wapenzi wawili. Mweke kwenye Nane ya Uru, ambako Smith alichora fundi akichonga sarafu moja baada ya nyingine, awe fundi hodari asiyetaka kusumbuliwa. Hapo kiti kitakuwa kiti, na mtu atakuwa mtu.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki kuna jambo la ziada, na hapa sina mzaha hata chembe. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo nchini Tanzania na nchi za jirani kwa sababu ya imani kwamba miili yao huleta utajiri. Karata zako zinahusu bahati na mambo yasiyoonekana. Usimchore mtu mwenye ualbino kwenye Gurudumu la Bahati, wala kwenye karata yoyote ya nguvu za siri, hata kwa kumtukuza. Mchore na kofia yake pana akifundisha, akiuza duka au akisuluhisha ugomvi. Mchore awe Mfalme wa Shupaza, ambaye kazi yake ni kuamua kesi.

Watu wa ikulu nao wanastahili siku za kufikiri. Ni 16: kijana, mpanda farasi, malkia na mfalme katika kila kundi. Unaweza kurudi Milan na kuweka wapanda farasi wa jinsia zote mbili. Unaweza kuondoa ufalme kabisa, kama walivyofanya Vicki Noble na Karen Vogel huko Berkeley mwishoni mwa miaka ya 1970. Seti yao, Motherpeace, ina karata za duara, na ikulu yake ina binti, mwana, kuhani wa kike na mganga. Mimi hupendelea ngazi za ukomavu: mwanafunzi, msafiri, mlezi, mzee. Zinabeba jinsia yoyote, na msomaji wa Kiswahili anazielewa bila kitabu. Lakini ukibadilisha majina, acha mpangilio uonekane kwa jicho. Aliyejifunza kwa seti ya Smith ajue mara moja nani amechukua nafasi ya mfalme, la sivyo utakuwa umemfungulia mlango mmoja msomaji mpya na kumfungia wa zamani.

Karata zinazouma

Karata tano au sita zitakupa usiku mrefu. Anza na Wapenzi. Katika seti za kale za Milan ni wachumba wawili na malaika wa mapenzi aliyefungwa macho juu yao. Katika taroti ya Marseille ni mwanamume kati ya wanawake wawili. Smith aliwachora mwanamume na mwanamke uchi chini ya malaika, kama Adamu na Hawa. Picha zimebadilika hivyo, na kilichobaki ni uamuzi wa moyo. Wabunifu wengi wa leo wa Marekani na Ulaya huchora wanawake wawili, au wanaume wawili, au watu ambao jinsia yao haijatajwa. Shauri langu ni kutoitwisha karata moja mizigo yote. Mapenzi yapo pia kwenye Mbili ya Kopa na Kumi ya Kopa. Zigawie karata hizo wapenzi wako tofauti, na wapendanao wazee usiwasahau, maana ndio wanaoachwa kuliko wote.

Aliyetundikwa ni mgumu zaidi. Katika miji ya Italia wasaliti walichorwa kwenye kuta za mji wakining'inia kwa mguu mmoja ili waaibike, na karata ilitokana na desturi hiyo. Smith alimpa utulivu na mwanga kuzunguka kichwa. Lakini mwili mweusi unaoning'inia kwenye mti ni picha nyingine kabisa kwa Mmarekani mweusi, ambaye historia yake ina watu walionyongwa na makundi ya wazungu mbele ya umati. Ukimchora mtu mweusi hapo, usiweke kamba wala mti uliokauka. Kiini cha karata ni kuona dunia kichwa chini kwa hiari. Mtoto anayebembea kwa magoti kwenye tawi la mwembe analibeba wazo hilo. Hata popo analibeba.

Kwenye Ibilisi, usimpake rangi nyeusi. Inaonekana ni jambo dogo, na kwa sababu hiyo huponyoka. Seti inaweza kuwa na watu wa kila rangi halafu yule mmoja wa kuogofya akawa mweusi kuliko wote, au akawa na kibyongo, au na jicho moja. Ukiitazama picha ya Smith kwa makini, utaona minyororo iliyo shingoni mwa mwanamume na mwanamke ni mipana, wangeweza kuivua. Hofu ya karata hiyo iko kwenye minyororo. Chora minyororo ya leo: deni, chupa, simu isiyoshushwa mkononi.

Papa, ambaye Waingereza humwita Kuhani Mkuu, anaweza kuwa mwalimu na wanafunzi wawili. Usitumie vazi la dini ya mtu kama pambo. Na ile karata ya kwanza, usiite Mchawi. Kwenye seti za kale za Kifaransa yule alikuwa mfanya kiinimacho wa sokoni na meza yake ya vikorokoro, na kwa msomaji wetu mchawi ni mtu wa kuogopwa. Stadi au Fundi itafaa. Kifo kiache kama kilivyo. Farasi wake mweupe anampita mfalme aliyeanguka, askofu, msichana na mtoto bila kuchagua. Hakuna karata yenye usawa kuliko hiyo.

Mahali nako ni uamuzi

Jambo kubwa alilolifanya Smith ni kuchora tukio kwenye kila karata ndogo. Kabla yake seti nyingi zilionyesha vikombe vitano tu, au panga saba, kama karata za kuchezea. Ipo seti moja ya Italia ya mwishoni mwa karne ya 15, Sola Busca, iliyokuwa na picha kila mahali. Nakala zake za picha zilifika British Museum mwaka 1907, na mikao kadhaa ya Smith inafanana nayo. Matukio hayo ndiyo yanayomwezesha asiyejua chochote kuisoma karata kwa macho yake, na ndiyo yanayombana. Theluji ya Tano ya Uru haimgusi aliyekulia Tanga. Mvua ya masika inayoingia ndani kupitia paa bovu inamgusa. Kwenye Tatu ya Pau mtu anatazama merikebu zikienda. Majahazi yanakaa hapo kwa haki kabisa, kwa sababu hiyo ni pwani na hiyo ni biashara. Lakini usibandike kanga, mibuyu na simba kila kona ili ionekane ya kwetu. Kila kitu kwenye picha kiwe na kazi yake.

Vilevile usiazime ishara takatifu za jamii usiyoijua. Courtney Alexander wa Marekani aliijenga seti yake, Dust II Onyx, juu ya watu weusi na masimulizi yao akiwa yeye mwenyewe ni mmoja wao, na uzito wake unatoka hapo. Lisa Sterle alipotoa Modern Witch Tarot mwaka 2019 alifuata njia nyingine: alishika mpangilio wa Smith karibu ulivyo, akaujaza wanawake wa leo wa maumbo na rangi mbalimbali. Njia zote mbili ni halali. Ya pili ni rahisi kwa msomaji aliyezoea. Ya kwanza inadai ujue unachosema.

Wino, macho na mikono

Ngozi nyeusi huharibika mashineni kuliko kitu kingine chochote. Kwenye skrini inang'aa, kwenye karatasi inakuwa doa. Sababu ni kwamba mashine huijenga kahawia iliyokolea kwa kurundika wino nne, na wino ukizidi, tofauti za mwanga hupotea. Geuza faili lako mapema liwe CMYK, yaani mfumo wa wino hizo nne, muulize mchapaji kiwango cha juu cha wino anachokubali, na uombe karatasi moja ya majaribio yenye ngozi zako zote zikiwa zimepangwa kwa mistari. Weka mwanga kwenye shavu, paji la uso na mfupa wa pua. Tumia samawati na zambarau kwenye vivuli badala ya nyeusi tupu, na usimweke mtu mweusi mbele ya usiku mweusi bila kitu cha kumtenganisha.

Makundi manne usiyatofautishe kwa rangi peke yake. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya kaskazini, takriban 1 katika 12 ana shida ya kutofautisha baadhi ya rangi, nyekundu na kijani hasa. Piga picha ya karata zako kwa rangi ya kijivu. Kama huwezi kutambua kopa na pau, rudi mezani. Namba ziandikwe 1, 2, 3, kwa kuwa za Kirumi huwachanganya wengi bila faida. Herufi zisiwe ndogo kuliko pointi 9, na zisiandikwe juu ya picha yenye michoro mingi.

Kipimo cha kawaida cha taroti ni karibu milimita 70 kwa 120. Kinapendeza kwa picha, lakini mkono mdogo au wenye baridi yabisi hauwezi kuzichanganya karata 78 za ukubwa huo. Ukiweza, toa pia toleo la ukubwa wa karata za kuchezea, milimita 63 kwa 88. Kwa wasioona, weka alama za Breli kwenye kona, moja ya namba na moja ya kundi, kama zilivyo karata za Breli za kuchezea. Karatasi iwe nene au ya plastiki, la sivyo nukta zitalala baada ya kuchanganywa. Kwa toleo la kawaida, gramu 300 hadi 350 kwa mita ya mraba zinatosha. Acha milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukatwa, picha ziwe na nukta 300 kwa inchi, na mgongo wa karata uonekane uleule hata ukigeuzwa juu chini, ili msomaji asijue mapema kama karata imegeuka kichwa chini.

Malipo na jina

Pamela Colman Smith, aliyekuzwa kwa sehemu Jamaika na aliyechapisha hadithi za Anansi mwaka 1899, alilipwa mara moja kwa picha zote. Katika barua yake kwa mpiga picha Alfred Stieglitz mwaka huohuo wa 1909 alisema wazi kwamba kazi ilikuwa kubwa na fedha kidogo. Kwa miongo mingi seti iliitwa kwa jina la mchapishaji, Rider, na la mwandishi, Waite. Yeye alibaki na alama ndogo ya herufi zake kwenye kona ya picha, akafa mwaka 1951 huko Cornwall akiwa na madeni.

Kwa hiyo andika mkataba. Kama unawaalika wachoraji kadhaa, kila mmoja apate sehemu ya kila seti itakayouzwa, na jina lake liwe kwenye boksi. Wanaokaa kuchorwa walipwe, na wakubali kwa maandishi kwamba sura yao itatumika kwenye karata za ramli. Wengine kwa imani yao hawatakubali, na hilo liheshimiwe. Sajili kazi yako kwenye ofisi ya hakimiliki: COSOTA ukiwa Tanzania, au KECOBO ukiwa Kenya. Picha za Smith za 1909 ziko huru Uingereza tangu mwanzo wa 2022, miaka 70 baada ya kifo chake, ila usichukue rangi za matoleo ya baadaye. Picha za Frieda Harris, aliyechora taroti ya Thoth, zinalindwa Uingereza hadi mwisho wa 2032.

Kwenye boksi sema ukweli kuhusu kilichomo. Waislamu wengi na Wakristo wengi hawataki ramli nyumbani, na Kenya na Tanzania bado zina sheria za uchawi zilizotungwa enzi za ukoloni. Zisome kabla ya kutangaza huduma ya kuagua. Mimi naziona karata hizi kama kitabu cha picha kinachowafanya watu wawili waongee mambo waliyokuwa wakiyakwepa, na hivyo ndivyo ningeandika.

Kabla ya kuagiza mamia, chapa seti tano tu. Wape watu watano wasiofanana: anayejua taroti tangu zamani, asiyewahi kuigusa, mzee mwenye miwani, mtu mwenye ulemavu, na mmoja wa jamii uliyoichora ambaye si rafiki yako. Usiwaeleze chochote. Waombe kila mmoja atoe pembeni karata anayoipenda kuliko zote na karata ambayo hangetaka mtoto wake aione, kisha kaa usikilize sababu. Karata ya pili ikitajwa na wawili, ichore upya.